Mizani ya Mkulima wa Abernethy

Siku ya kumzika mkulima Mkristo, wasifu wake husomwa kwa mpangilio tunaoujua sote. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto, alipenda kazi, alikuwa mtu wa kanisa, hakuwahi kuonekana kilabuni, na Bwana akamtwaa. Waombolezaji wanaitikia, kwaya inaimba, jeneza linashushwa. Shamba alilipataje, mazao aliuza kwa nani na kwa kipimo gani, vibarua wake waliishije, na aliyepakana naye alimwonaje, hayo hayasomwi. Mimi naamini kwamba hayo yanayoachwa ndiyo yenye imani ya mkulima ndani yake. Siku sita za juma mkulima hana mahali pengine pa kumtii Mungu isipokuwa shambani, ghalani na sokoni.

Kwa hiyo nataka kumkumbuka mkulima mmoja kwa kusoma kurasa zote za maisha yake. Ni William Richard Motherwell, Mpresbiteri wa Abernethy, katika jimbo la Saskatchewan, kwenye tambarare za nyasi za magharibi mwa Kanada. Alifariki Mei 1943 akiwa na umri wa miaka 83. Serikali ya nchi yake iliinunua nyumba yake katika miaka ya 1960, ikaikarabati, na leo ni eneo la kihistoria la taifa ambako wageni huingia kuona familia ya mkulima ilivyoishi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nampenda mtu huyu. Ni wakulima wachache sana popote duniani walioitendea jamii yao mema kama yeye. Ndiyo maana sitaki wasifu wake usomwe nusu.

Alizaliwa Januari 1860 huko Perth, wilaya ya Lanark, Ontario. Alisoma Chuo cha Kilimo cha Ontario mjini Guelph, jambo adimu kwa kijana wa shamba wa wakati ule, na mwaka 1882 akaelekea magharibi kutafuta ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimruhusu mwanamume mtu mzima kuomba ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kukaa pale, kujenga na kulima kwa miaka mitatu kabla ya kupewa hati. Reli ilikuwa haijafika alikokusudia. Kipande cha mwisho alikimaliza kwa mkokoteni, mpaka kaskazini mwa bonde la mto Qu'Appelle, akaweka kambi kwenye nyasi ambazo hazijawahi kuonja jembe la chuma.

Maisha ya pale yalikuwa magumu kwa namna ambayo sisi wa nchi za joto tunapata shida kuifikiria. Kwenye baridi kali ya Januari kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Mvua ni haba, na ngano haina budi kupandwa, kukua na kuiva katikati ya baridi mbili. Jalidi ya Agosti ikiwahi, shamba zima huharibika kwa usiku mmoja. Aina iliyokuwa ikitegemewa, Red Fife, ilitoa unga mzuri sana ila ilichelewa kuiva. Ardhini kulikuwa na mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, na kila majira ya kuchipua jalidi iliyeyuka na kusukuma mengine juu. Motherwell aliyaokota mawe hayo mwaka hadi mwaka akayarundika, na mwaka 1897 fundi akamjengea nyumba yake kwa mawe hayo hayo. Akaiita Lanark Place, kwa kumbukumbu ya wilaya aliyozaliwa.

Aliigawa boma yake kwa safu za miti: upande wa nyumba na majani ya kupumzikia, upande wa bustani ya mboga na matunda, upande wa mazizi, na upande wa lambo la maji. Miti ilizuia upepo, na theluji ikatuama nyuma yake badala ya kupeperushwa. Theluji ilipoyeyuka, maji yaliingia lamboni na bustanini. Ukiitazama ramani ya boma ile unaona akili ya mtu aliyeamini kwamba Mungu ni Mungu wa utaratibu. Pombe hakuipenda, tena aliipiga vita hadharani. Mkewe wa kwanza, Adeline Rogers, aliyefunga naye ndoa mwaka 1884, alibeba nusu ya mzigo wa miaka ile migumu, na alifariki mwaka 1905 mumewe alipokuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye madaraka. Kazi ya boma kubwa kama ile haikufanywa na mtu mmoja na mkewe peke yao; kulikuwa na vibarua wa msimu na mabinti wa kazi za ndani, ambao majina yao hayapo kwenye kibao cha mlangoni.

Wasifu wa kawaida ungeishia hapo: mcha Mungu, mchapakazi, mjenzi wa nyumba ya mawe. Motherwell ninayetaka kumtaja anaanzia kwenye mizani.

Mkulima wa ngano wa tambarare zile hakuwa na mlango wa kuuzia isipokuwa mmoja. Kando ya reli, makampuni yalijenga vihenge virefu vya mbao ambavyo nafaka ilipandishwa kwa mitambo na kumiminwa ndani ya mabehewa. Ili kuyavutia makampuni hayo yajenge, shirika la reli la Canadian Pacific liliyapa upendeleo: palipojengwa kihenge cha kubeba busheli 25,000 (busheli ni kipimo cha nafaka cha huko), reli haikukubali tena kupakia ngano kutoka kwenye ghala la kawaida wala moja kwa moja kutoka kwenye gari la mkulima. Mkulima alifika baada ya kusafiri siku nzima. Motherwell mwenyewe alikuwa kama kilomita 30 kutoka stesheni ya Indian Head, na lile bonde la Qu'Appelle liko katikati. Aliyempokea ndiye aliyepima uzito, ndiye aliyesema ngano hii ni daraja gani, ndiye aliyekadiria takataka zilizomo na kuzikata kwenye uzito, na ndiye aliyetaja bei. Ukigeuza farasi urudi nyumbani, deni la duka na la mashine liko pale pale na baridi inaingia. Ukikubali, umekubali kipimo cha mtu anayenufaika na kipimo chenyewe.

Wakulima wa pamba, korosho na kahawa wanaosoma makala hii hawahitaji kuelezwa zaidi.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ya shirikisho iliunda tume, na mwaka 1900 bunge likapitisha sheria ya nafaka iliyompa mkulima haki ya kuomba behewa lake mwenyewe na kupakia ngano yake bila kupitia kwenye kihenge. Kwenye karatasi, kesi ilikuwa imekwisha. Ndipo yakaja mavuno ya mwaka 1901, mengi kuliko yoyote waliyowahi kuyaona. Mabehewa hayakutosha. Machache yaliyopatikana yalikwenda kwanza kwenye vihenge, na wakulima waliokuwa na haki kisheria wakaachwa na ngano iliyorundikwa nje kwenye theluji.

Motherwell na jirani yake Peter Dayman wakaandika barua kuwaita wakulima wenzao Indian Head. Walichagua tarehe kwa busara: Desemba 18, 1901, siku ambayo wanasiasa wakubwa wawili, Frederick Haultain na Rodmond Roblin, walikuwa na mdahalo wa hadhara mjini hapo, kwa hiyo watu wangekuja kwa vyovyote vile. Siku hiyo kikazaliwa chama cha wakulima wa nafaka cha maeneo yale, na Motherwell akawa mwenyekiti wake. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa ili mabehewa yagawiwe kwa zamu, kwa kufuata daftari la maombi. Reli iliendelea kama kawaida yake. Chama hakikuchoma kihenge wala kung'oa reli. Kilimshitaki wakala wa stesheni ya Sintaluta kwa kuvunja sheria ya zamu, mahakama ikamtia hatiani na kumtoza faini ya dola 50, na shauri lilipopelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, hukumu ikabaki vile vile.

Dola 50 ni fedha ndogo kwa shirika la reli lililokuwa limeiunganisha nchi kutoka bahari hadi bahari. Ila tangu siku ile mkulima wa Sintaluta mwenye mkokoteni mmoja wa ngano alikuwa na nafasi yake kwenye daftari, na nafasi hiyo hakuna kampuni iliyoweza kuiruka. Mithali 11:1 inasema: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Wahubiri wetu wakifika kwenye mstari huo humwonya muuza duka asiibe kwenye kilo. Motherwell na wenzake waliuchukulia kwa maana pana zaidi: kipimo cha haki kinajengwa kwa mkutano, kwa katiba ya chama, kwa michango, kwa mwanasheria, kwa kukaa mahakamani mpaka mwisho. Naiona hiyo kuwa ibada kamili. Anayesema chama cha wakulima ni mambo ya dunia na kanisa ni mambo ya Mungu, hajaisoma Torati inavyozungumzia vipimo, mipaka ya mashamba na ujira wa kibarua.

Saskatchewan ilipokuwa jimbo mwaka 1905, Motherwell alipewa wizara ya kilimo akakaa nayo mpaka 1918. Miaka hiyo nitaipita haraka, ingawa ilijaa kazi. Alieneza elimu ya kilimo cha ukame. Zilipita treni za mafunzo zenye mbegu, mifugo na walimu, zikisimama stesheni hadi stesheni. Mwaka 1911 ikaanzishwa kampuni ya ushirika ya vihenge ambayo wakulima walichangia asilimia 15 ya mtaji na serikali ikawakopesha 85, hivyo yule aliyekuwa akipunjwa kwenye mizani sasa akawa mmiliki wa mizani. Baadaye, kuanzia 1921 hadi 1930, ukiacha miezi michache ya mwaka 1926 ambapo chama chake cha siasa, cha Liberal, kiliondolewa madarakani, alikuwa waziri wa kilimo wa Kanada nzima. Ni wakati wake ilipofunguliwa, mwaka 1925, maabara ya utafiti wa kutu ya ngano, ugonjwa wa ukungu, mjini Winnipeg, baada ya kutu ya shina kuteketeza mavuno ya mwaka 1916. Vita hiyo inaendelea, na sasa mstari wa mbele uko kwetu: aina kali ya kutu hiyo iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, Ug99, ndiyo iliyofanya mbegu za ngano za nchi nyingi ziletwe Njoro, Kenya, kupimwa kama zinaistahimili.

Kosa la kitaalamu lilikuwepo pia, na nalitaja kwa sababu lilitokana na nia njema kabisa. Elimu ya ukame aliyoihubiri ilisisitiza kupumzisha shamba: mwaka mmoja halipandwi, linalimwa mara kwa mara ili magugu yasinywe maji, na unyevu wa miaka miwili unatumika kwa zao moja. Ilizaa matunda kwa muda mrefu. Lakini udongo ulioachwa uchi na kuvurugwa mwaka mzima hauna cha kuushika, na ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, upepo uliuinua ukageuza mchana kuwa giza. Motherwell alikuwa bado hai na bado bungeni. Kwa hilo simlaumu sana. Alifundisha kile ambacho sayansi bora ya siku zake ilifundisha, hata kituo cha majaribio cha serikali pale Indian Head.

Penye uzito ni kwingine.

Zile nyasi ambazo hazijawahi kuonja jembe zilikuwa na wenyewe. Miaka minane tu kabla ya Motherwell kufika, Septemba 15, 1874, katika Fort Qu'Appelle, wenyeji wa asili, yaani Wacree, Wasaulteaux na Waassiniboine, waliweka mkataba na Malkia wa Uingereza, unaojulikana kama Mkataba wa Nne. Nyati waliowalisha vizazi kwa vizazi walikuwa wanatoweka kwa kuwindwa kupita kiasi. Katika makubaliano hayo walitengewa maeneo ya kuishi, wakaahidiwa zana, mbegu, ng'ombe na msaada wa kujifunza kilimo. Walitaka kulima. Jambo hili linasahaulika kwa urahisi kwa sababu hadithi ya tambarare zile husimuliwa kana kwamba kulikuwa na wakulima upande mmoja na wawindaji upande wa pili. Wengi walilima, na katika miaka ya 1880 baadhi yao walichangishana kununua mashine za kuvunia na kuanza kushindana na walowezi sokoni.

Kisha sheria ikawageukia. Kuanzia mwaka 1881 mwenyeji wa asili wa tambarare zile hakuruhusiwa kuuza nafaka yake bila kibali cha ofisa wa serikali. Mwaka 1889 kamishna Hayter Reed akaongeza sera ya kuwataka walime vishamba vidogo kwa zana za mkono: wavune kwa mundu na fyekeo, wapure kwa fimbo, mashine wasitumie. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hawa wapitie kwanza hatua ya ukulima mdogo kabla ya kustaarabika. Walowezi waliokuwa wakilalamika kwamba ngano ya wenyeji inawashushia bei hawakuchukizwa na hoja hiyo. Sera ya zana iliendelea mpaka 1897.

Tazama mwaka huo. Ni mwaka ule ule ambao nyumba ya mawe ya Lanark Place ilikamilika. Msimu ambao Mpresbiteri wa Abernethy alikuwa anavuna kwa mashine na kujenga kwa mawe ya shamba lake, wakulima wa vilima vya File Hills, majirani zake wa kaskazini, walikuwa ndiyo wanamaliza miaka minane ya kukatazwa mashine. Na alipokwenda Indian Head mwaka 1901 kudai haki ya mkulima kupakia ngano yake mwenyewe na kumuuzia amtakaye, mkulima wa Kicree hakuwa na haki hata ya kukifikia hicho kihenge kilicholalamikiwa bila karatasi ya ofisa mkononi. Malalamiko yalikuwa yale yale, tena yake yakiwa mazito zaidi. Chama kilimshughulikia mmoja. Mwingine alibaki nje ya daftari.

Wala watu wa File Hills hawakuwa wageni kwa nyumba ile. Mwaka 1908 Motherwell alimwoa Catherine Gillespie, mmisionari Mpresbiteri aliyekuwa akiongoza shule ya bweni ya watoto wa wenyeji huko huko File Hills. Alikuwa mwanamke hodari, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, na kwa kila dalili aliwapenda watoto aliowafundisha. Lakini mwaka 1907 daktari mkuu wa idara ya mambo ya wenyeji, Peter Bryce, alitoa taarifa kuhusu afya katika shule za namna hiyo kwenye tambarare zile. Kifua kikuu kilikuwa kinawamaliza watoto kwenye mabweni yasiyo na hewa. Shule ya File Hills, iliyoleta hesabu kamili, ilionyesha kwamba katika miaka 16 tangu kufunguliwa, karibu robo tatu ya wanafunzi waliopita hapo walikuwa wamekufa. Bryce alitaka mabadiliko makubwa, na serikali haikumsikiliza. Wahitimu waliobaki hai, baadhi yao walikatiwa mashamba ndani ya ardhi ya watu wa Peepeekisis, kwa mpango wa ofisa William Graham wa kuunda kijiji cha mfano cha wakulima Wakristo. Wageni walipelekwa kukiona wakakisifu. Wenye ardhi hawakupewa nafasi ya haki ya kukubali au kukataa, na ni miaka ya karibuni tu serikali ya Kanada imekubali kulipa fidia na kuomba radhi.

Hapo ndipo wasifu unapokuwa mgumu kusomeka. Shamba la mfano, sala ya familia, mkate wa ngano, shule ya misheni: kila kimoja kikisimama peke yake ni kizuri. Vikikaa pamoja juu ya ardhi ile, vinaeleza jinsi watu wema wanavyoweza kuishi miaka mingi karibu na dhuluma bila kuiita kwa jina lake.

Sisi Watanzania tunalo la kusema kuhusu jambo hili kutoka kwetu wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Hanang, kuanzia Basotu, chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, na kwa miaka kama 20 Kanada ilitoa fedha, matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu. Kilikuwa kilimo cha magharibi mwa Kanada kimehamishwa kama kilivyo, mpaka ukubwa wa mashamba na namna ya kulipumzisha shamba. Nia ilikuwa taifa lijitosheleze kwa mkate, na sehemu kubwa ya ngano yetu ilitoka huko kweli. Lakini ekari zile, karibu 100,000, zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao, yale ya udongo ulioinuliwa ambayo jamii huyatunza kwa ibada. Matrekta yalipita juu ya baadhi yake. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya. Waliopanga mradi ule, wa Kanada na wa kwetu, hawakuwa watu waovu. Walikuwa na hesabu nzuri sana za tani kwa hekta. Nabothi, yule wa Biblia aliyenyang'anywa na mfalme shamba la baba zake, hakuwemo kwenye hesabu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu hutolewa kila tunapomkumbuka babu wa kanisa mwenye doa: alikuwa mtu wa wakati wake, tusimpime kwa kipimo cha leo. Kwa watu wengi jibu hilo nalikubali. Kwa Motherwell silikubali, na sababu ni tendo lake bora kuliko yote.

Mwaka 1918 vita ilikuwa imewasha chuki dhidi ya kila kilichoonekana si cha Kiingereza. Saskatchewan ilikuwa imejaa Wajerumani, Waukraine na Wafaransa, na serikali ya jimbo, serikali ya chama cha Motherwell mwenyewe, ikaamua kubana lugha zao mashuleni. Wafaransa wale walikuwa Wakatoliki. Kwa Mprotestanti mwenye asili ya Uingereza, aliyechaguliwa na Waprotestanti, kukaa kimya kulikuwa rahisi na kuna faida. Motherwell alijiuzulu uwaziri. Miaka 13 ya madaraka aliiweka chini kwa ajili ya watoto wa watu wa kanisa lingine na lugha nyingine, kwa sababu aliona wameahidiwa kitu na ahadi inavunjwa. Miaka mitatu baadaye, wakulima walipounda chama chao cha siasa na kuzoa viti 15 kati ya 16 vya Saskatchewan katika uchaguzi wa taifa, kile kimoja kilichobaki kilikuwa chake. Alisimama dhidi ya vuguvugu ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulizaa.

Mtu wa namna hiyo si mateka wa wakati wake. Alikuwa na macho ya kuona ahadi ikivunjwa na uti wa mgongo wa kuisimamia peke yake. Kumwambia Mungu au wajukuu kwamba asingeweza kuona ni kumvunjia heshima. Mkataba wa Nne nao ulikuwa ahadi, uliwekwa siku moja tu ya safari kutoka shambani kwake, na ulikuwa umeahidi jembe na mbegu. Ndiyo maana nasema apimwe kwa mizani yake mwenyewe, ile aliyoipigania Indian Head na Sintaluta: kila mwenye nafaka awe na haki ya kuiuza kwa zamu yake, bila kupitia mlango wa mtu anayenufaika kwa kumfungia.

Kwa mizani hiyo, mimi ningeandika kwenye wasifu wake mambo yote mawili kwa herufi zenye ukubwa mmoja. Ningewasimulia wageni wa Lanark Place habari za behewa na daftari chumba kwa chumba, kwa sababu vijana wa vyama vya ushirika wa kila nchi wanahitaji kumjua mkulima aliyelishinda shirika la reli kwa subira na sheria. Na pale pale sebuleni, ambako Catherine aliwapokea wageni, ningeweka taarifa ya Bryce wazi mezani. Kanisa lenye ujasiri wa kusoma wasifu wa namna hiyo juu ya jeneza lingekuwa linawafundisha walio hai jinsi ya kulima.

Motherwell alikaa kwenye baraza la mawaziri la Kanada, lenye mamlaka juu ya sheria ya wenyeji wa asili, karibu miaka tisa. Kifungu kinachomtaka mkulima wa asili wa tambarare zile kuomba kibali kabla ya kuuza mazao yake kilikuwepo alipoingia, na kilikuwepo alipotoka. Kilikuwepo alipokufa mwaka 1943. Bunge la Kanada lilikifuta mwaka 2014.